Fundi wa Kukunja

Fundi alikuwa na mkasi mkubwa mweusi uliokaa juu ya cherehani yake mchana kutwa, na wageni walidhani ni butu kwa vile hawakumwona akiushika. Haukuwa butu. Nilimwona akikata kanzu ya bwana harusi kwa mkasi huo huo, na hakuna uzi hata mmoja uliokataa. Ila nguo ya mtu aliyepungua mwili hakuikata. Hiyo aliikunja. Alifumua ubavuni, akarudisha kitambaa ndani, akashona mshono mpya, na kilichozidi akakiacha kimelala huko huko, wakati mwingine upana wa kiganja kizima kila upande. Ukimlalamikia kwamba nguo imekuwa nzito alikuwa na jibu moja.

"Mimi nakunja. Kukata, nenda kwa wengine."

Alikozaliwa sijui. Watu wa Ihumwa walisema wazee wake walifika Dodoma na misafara ya zamani, wakabaki mjini wakiuza na kununua. Yeye akiulizwa alisema ametoka kwenye kibaraza chake, akirudi anarudi chumbani kwake, na hiyo ndiyo safari yote. Kibaraza chenyewe kilikuwa hatua chache kutoka reli. Treni ikipita, cherehani ilitetemeka, naye aliinua mguu kutoka kwenye pedali akasubiri hadi behewa la mwisho. Hakuwahi kushona treni ikiwa inapita. Treni zilipoanza kuwa chache, miaka ile mashirika yalipokuwa yakiuzwa na watu wakipunguzwa kazini, alinung'unika kwamba sasa hata mguu wake haupati mapumziko.

Alikuwa mtu wa maneno mengi. Bei ya mafuta ya taa, mpira wa Jumamosi, nani kaposa na nani kakataliwa, yote uliyapata kwa Fundi, tena yakiwa na chumvi ya kutosha. Alikuwa mbishi pia. Ukimwambia leo Jumanne, yeye anataka uthibitishe. Na alijivuna, Mungu amsamehe, kwamba tangu ashike futi, ile kamba yake ya kupimia, hajawahi kudanganya hata nusu inchi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo alilidanganyia kila siku bila haya.

Miaka ile mitumba ilikuwa imeshafunguliwa milango. Marobota yalishushwa sokoni, na watu waliosubiri kitambaa cha kiwanda kwa miezi sasa walivaa makoti ya watu wasiowajua. Fundi aliichukia mitumba. Ilimnyang'anya kazi ya kushona, ikamwachia kazi ya kupunguza. Lakini waliokuja kupunguza walikuwa wa namna mbili. Wapo walionunua suruali pana kuliko wao, na wapo ambao nguo zao zilikuwa zile zile ila wao wenyewe walikuwa wakipungua ndani yake. Mtaa mzima ulijua kuwatofautisha. Ukionekana unaelekea kwa Fundi na mfuko wa nguo, jioni ile ile watu wanaambiana kwamba fulani ameshakanyaga waya, ana virusi.

Kwa hiyo Fundi alipiga kelele. Mtu wa namna ya pili alipofika tu, kabla hata ya salamu, Fundi alisimama akampokea mfuko na kufoka mpaka ng'ambo ya reli wamsikie: "Wewe! Umenunua tena mtumba wa jitu! Nimekukataza mara ngapi?" Halafu anakaa, anashusha sauti, anauliza habari za nyumbani. Sijui kama mtaa ulidanganyika. Lakini mwenye mfuko aliondoka pale akiwa amegombezwa kama mtu mzima wa afya, na hilo lilikuwa zuri kuliko mnavyofikiri.

Mimi nilipigiwa kelele hiyo kwa gauni ambalo Fundi mwenyewe alikuwa amenishonea miaka miwili nyuma. Lilikuwa gauni la samawati la kuendea shuleni, lenye kola, na lilikuwa limeanza kunining'inia. Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, nakohoa tangu kiangazi, naamka shuka limelowa. Wanafunzi wa darasa la nne walikuwa wameshajifunza kunisubiri nimalize kukohoa kabla ya kuitika.

"Mwalimu! Umenunua tena mtumba wa jitu!"

Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Tabia yake nyingine ni kwamba hakumgusa mwanamke wakati wa kupima. Alikupa ncha ya futi ujizungushie mwenyewe, yeye akageuza uso kuelekea relini, kisha akasoma namba. Siku ile aliisoma mara mbili, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

"Umekwenda kupima kifua?" aliniuliza.

"Ni vumbi la chaki, Fundi."

"Chaki ninayo hapa mimi miaka yote. Haijaninywea kiuno."

Nilikwenda. Makohozi yalionyesha kifua kikuu, na damu ilionyesha kile nilichokuwa nakijua tangu mume wangu alipoanza kuugua. Daktari wa kliniki alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinieleza kwamba tutaanza na vidonge vya kifua, na mwili ukishavizoea ataniongezea vya virusi, ambavyo ndiyo kwanza vimeanza kutolewa bure. Vile vya kifua nitavimeza kila asubuhi mbele ya mtu, asiwe mtu wa kunionea huruma.

Nikamchagua Fundi. Alikuwa njiani kuelekea shuleni, na huruma yake ilikuwa ya kufoka. Alikubali kwa masharti mawili: nifike kabla ya kengele ya shule, na nije na kikombe changu.

Ndivyo tulivyoanza. Nafika, nasema shikamoo, anaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye sindano, namimina maji, nameza, nafungua mdomo aone. Kisha anauliza neno moja tu: "Rangi?" Maana vile vidonge vilipaka haja ndogo rangi ya chungwa, na daktari alikuwa amemwambia kuwa hiyo ndiyo dalili ya mtu anayemeza kweli. Nilikuwa najibu, "Chungwa, Fundi," naye anasema, "Haya, nenda kafundishe." Watu wazima wawili wenye heshima zetu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kila asubuhi.

Mzani wa kliniki hakuuamini. Alidai unapima mtu na viatu na karanga alizokula njiani. Kila Alhamisi alinipa ncha ya futi, nikajizungushia kiunoni, na baada ya kusoma alikata uzi wa urefu ule ule akautundika kwenye msumari nyuma ya cherehani. Hakuandika jina wala namba. Mtu mwingine angeona ni nyuzi tu za fundi. Mimi nilijua kuwa pale ukutani ninaning'inia mimi, wiki baada ya wiki.

Nyuzi zikaanza kurefuka. Wiki ya tatu jasho la usiku lilikata. Wiki ya tano nilipanda ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu bila kusimama katikati, nikashuka, nikapanda tena kwa furaha tu, mwalimu mkuu akaniuliza kama nimesahau kitu. Mama yangu aliyekuwa Mlali alipopata habari kwamba naongezeka, alikuja kukaa nami na gunia la karanga, akaketi kibarazani kwa Fundi kama mtu aliyekuja kudai sifa yake.

"Ni karanga," alisema mama. "Hizo dawa zenu zinasaidia kidogo, sikatai. Lakini mwili unajengwa na karanga za Mlali."

"Mama, vidonge vinaua mdudu. Karanga haziui kitu."

"Wewe umewahi kulima karanga?"

"Sijawahi."

"Basi shona."

Fundi, ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, akashona. Mama alipoondoka pale kibarazani, Fundi aliniambia kwamba ule si mwili wa karanga, mwili wa karanga ni mlegevu. Lakini gunia lilipoisha nilimkuta akisaga kwa mguu maganda ya karanga alizokula mwenyewe.

Mtu huyo huyo aliyependa kila kitu kinyooke, aliyefumua mshono mzima kwa ajili ya pindo lililokwenda upande, alikuwa akikalia mto mbaya kuliko yote Ihumwa. Ulikuwa wa viraka vya kahawia na kijivu, vitambaa vya suruali, umeshindiliwa pamba hadi kuwa mgumu. Siku moja nilitaka kuukalia nikiwa namsubiri, akaniambia nisimame. Hakufoka. Alisema tu, "Huo hapana, Mwalimu," akanipa ndoo niigeuze nikalie.

Daktari alipoona mwili wangu umekaa sawa, akaniongezea vidonge vya virusi. Hivyo nilivimeza nyumbani, mwenyewe. Kwa wiki mbili nilijiona nimemaliza kazi. Wiki ya tatu homa ikarudi. Kisha shingo. Tezi zilivimba chini ya sikio upande wa kushoto, kwanza kama punje ya mahindi, halafu kama yai, zikauma hata kola ya gauni nikawa siifungi. Nikajitazama kwenye kioo nikaona nimerudi nilikotoka, tena kwa njia mbaya zaidi.

Nikafikiri kama mwalimu wa hesabu, na hapo ndipo nilipokosea. Vidonge vya kifua vilinipa mwili. Vidonge vipya vimekuja, shingo imevimba. Jibu likawa rahisi. Nikavificha vile vipya ndani ya debe la unga wa uwele, nikaendelea na vya kifua kwa Fundi, nikifungua mdomo na kusema chungwa, mwanafunzi mtiifu kabisa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, katika wiki ya Idi. Kibarazani palikuwa na kanzu zimetundikwa hadi mlangoni, na akina mama watatu waliokuja kuulizia nguo za watoto wao. Fundi alinipa futi. Nikajizungushia kiunoni, akasoma. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia nijizungushie na shingoni.

Akatazama namba. Akawaambia akina mama waje jioni. Wakagoma. Akawaambia waje jioni, kwa sauti ile ya mtumba wa jitu, wakaondoka wakisonya.

"Hivyo vingine unameza?" aliniuliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, na shingo inauma.

"Nimeacha. Hivyo ndivyo vinavyoniua, Fundi. Tazama shingo. Kabla yake nilikuwa napona."

Hakunibishia. Huo ulikuwa ugeni mwingine. Aliinuka, akautoa ule mto wa viraka pale alipokuwa amekaa, akaniwekea magotini.

"Hizi ni suruali za mdogo wangu," alisema. "Nne. Aliniletea nizipunguze, alikuwa amekwisha kama wewe ulivyokuwa mwanzo. Nikazikata. Nikakata vizuri, nafuata mwili alionao. Kilichobaki nikashonea mto, nisitupe kitambaa. Wakati huo dawa za kifua zilikuwepo, hizi nyingine bado. Akameza mwezi, akaanza kuongezeka. Siku moja akavaa suruali, haipandi. Akavaa ya pili, haipandi. Akaja hapa amejifunga shuka, akanikuta nimekalia huu mto. Akautazama. Akaniambia, 'Kaka, kumbe hukunitarajia.'"

Alikuwa ameshika ukingo wa cherehani.

"Hakusema kwa hasira. Wiki ile ile akaacha dawa. Nikamwomba, akakataa. Alisema ya nini, kama hata wewe uliyepima umeshaona mwisho."

Niliushika ule mto, mgumu, wenye joto lake, na nikaona aibu na huzuni kwa pamoja.

Kisha akazichukua nyuzi kwenye msumari. Akazinyoosha juu ya meza ya cherehani, moja pembeni ya nyingine, kuanzia ule wa kwanza mfupi hadi wa leo, akakata na wa leo akauweka mwisho.

"Mimi si daktari. Sijui shingo yako ina nini. Lakini angalia kiuno. Homa unayo, shingo imevimba, na bado wa leo umepita wa wiki iliyopita. Mtu anayekwisha harefuki, Mwalimu. Kuna kitu hapa hatukijui, na mimi na wewe hatutakikisia. Twende kwa anayejua."

"Wewe huendi hospitali, Fundi."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akiogopa hospitali kiasi kwamba jino lilipomuuma alijing'olea mwenyewe kwa uzi wa jinzi.

"Leo naenda," alisema, akafunika cherehani katika wiki ya Idi, kanzu zimetundikwa, wenyewe wakiwa njiani.

Kliniki tulisubiri hadi adhuhuri. Fundi alikaa kwenye benchi amekaza magoti, anatazama mlango kama mtu anayepanga kuukimbilia. Tulipoitwa aliingia nami. Daktari alinishika shingo, akanipima, akasoma kadi yangu mbele na nyuma, akaniuliza maswali mengi. Kisha akauliza la mwisho, kama nameza vyote. Nikatazama kadi yangu mezani. Fundi akajibu kwa niaba yangu.

"Siku mbili hajameza vya virusi, kavificha kwenye debe la unga. Anadhani ndivyo vilivyomvimbisha."

Nilitegemea nigombezwe. Daktari akavuta kiti akakaa.

"Kwa namna fulani hujakosea, Mwalimu," alisema. "Ni kweli vimechangia. Lakini si kwa ubaya. Mwili wako ulikuwa umelala, mdudu wa kifua amejificha kwenye tezi na hakuna wa kumpiga. Sasa kinga imeamka, imemwona, imeanza kumpiga kwa nguvu zote. Uvimbe huo ni ugomvi wao. Unauma, lakini mara nyingi ni ishara kwamba dawa zimeshika. Nitakuchunguza nihakikishe si kitu kingine, na nitakupa dawa ya kutuliza uvimbe. Ila usiache. Leo hii uanze tena, na ukiona lolote uje kwangu kwanza, usiende kwenye debe la unga."

Sikuwa nimemwambia mtu habari ya debe. Nikamgeukia Fundi, naye akatazama dari.

"Wewe ulijulia wapi habari ya debe?" nilimuuliza tulipotoka nje.

"Mama yako kaliona aliposonga ugali. Kaniambia asubuhi, analia. Kasema nisikwambie kwamba ni yeye." Akaondoa uzi uliomganda kwenye mkono wa shati. "Sasa nimekwambia. Mimi si mtu wa siri."

Nikalia pale pale kwenye geti, mbele ya wauza machungwa, machozi yenye rangi ya dawa yakichafua leso. Lakini nilikuwa nalia kwa kupumua. Tangu mume wangu afariki, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba maumivu yangu yana maana nyingine zaidi ya ile niliyokuwa naijua.

Uvimbe ulichukua wiki kadhaa kuisha. Alhamisi zilikuwa na nyuzi mbili, wa kiuno ukirefuka na wa shingo ukifupika, Fundi akizitazama zinavyopishana kwa furaha ambayo aliificha kwa kunilaumu kwamba namwongezea kazi. Makohozi yalipopimwa tena yalikuwa safi. Alifumua mkunjo wa kwanza wa gauni la samawati, kidogo tu, akasema mwingine tusubiri. Kanzu za Idi nazo zilikamilika, ingawa bwana mmoja aliswali na kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na Fundi hakukubali hata siku moja kwamba alikosea. Alisema mkono wa yule bwana ndio mfupi.

Nilimaliza dawa za kifua. Za virusi nameza hadi leo. Baadaye nikahamishiwa shule ya Msalato, na nikawa nampitia Fundi mara moja kwa mwaka, kisha mara moja kwa miaka miwili, kama watu wanavyofanya wakishapona.

Mara ya mwisho nilikwenda na lile gauni. Lilikuwa limepauka, na nilikuwa na mengine mazuri zaidi, lakini shule ilikuwa na sherehe na nilitaka kulivaa hilo. Lilikuwa linanibana ubavuni. Nilimkuta kibarazani pale pale, cherehani ile ile, macho yameingia ukungu. Hakuniona nikija. Nilipotoa shikamoo aligeuza kichwa, akaitikia, akanyoosha mikono nimpe mfuko. Akalipapasa gauni, akapata kola, akalijua. Kisha akasimama, akapiga kelele hadi ng'ambo ya reli.

"Mwalimu! Umenunua tena mtumba wa mtoto!"

Ng'ambo watu wakageuka. Nikacheka mpaka nikashika nguzo ya kibaraza, na sikukohoa.

Akakaa kwenye mto wake. Akaligeuza gauni ndani nje, vidole vikatembea kwenye mshono wa ubavuni taratibu, juu hadi chini, akitafuta kitambaa alichokificha. Akahamia upande wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Nilikuachia kiganja kizima huku," alisema. "Kimekwenda wapi?"

"Ulifumua kidogo kidogo, Fundi. Miaka yote hii."

"Hakuna kitu. Umekimaliza chote." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, lakini uso wake ulikuwa umefunguka wote, na ukungu wa macho umelowa. "Hapa hakuna cha kufumua tena. Ni kupasua ubavu na kutia kipande kipya. Samawati kama hii siipati sasa hivi, kitaonekana."

"Kionekane."

Treni ilikuwa inapita. Aliinua mguu kwenye pedali, akasubiri hadi behewa la mwisho, kisha akapapasa juu ya cherehani mpaka akaupata mkasi mweusi.

"Shika huku, Mwalimu, uvute. Macho yangu si ya zamani."

Nikashika gauni kwa mikono miwili nikalivuta likakaza, na Fundi akakata.